Tafakari ya Alhamisi

Tafakari zangu za wiki nzima huziandika Jumamosi, nikishamaliza kufua, kisha naziwekea saa zijitume zenyewe kwenye blogu kila alfajiri. Wasomaji wanaamini naamka na malaika. Ukweli ni kwamba saa hizo nakoroma.

Jumatano mchana nilifungua blogu kuchungulia nani amesoma. Chini ya tafakari ya Alhamisi, ambayo ilikuwa haijatoka na hakuna aliyeiona ila mimi, palikuwa na maoni ya mtu asiye na jina: "Pole kwa kuondokewa na mama. Umemuaga vizuri sana."

Mama alikuwa chumba cha pili, akimgombeza mtangazaji wa redio kwa kuongea haraka.

Nakiri kosa langu. Jumamosi ile nilikuwa nimekaukiwa kabisa, sina hata neno la kuombea maji, na tafakari za msiba ndizo zinazosomwa kuliko zote. Kufa kufaana. Basi nikamwandika mama kama amekwisha kufa. Mkono ukaenda wenyewe, nikalia mpaka kibodi ikalowa. Miaka tisa ya kuandika habari za Mungu, sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile.

Nikamjibu yule mtu: "Mama yangu mzima. Wewe nani?"

Jibu lilikuja kabla sijaondoa vidole: "Leo ni mzima."

Nilikimbilia chumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani, shuka magotini.

"Mbona unanikodolea macho, we mtoto?"

"Nakuangalia tu, mama. Unajisikiaje?"

"Nimechoka. Nilisinzia kidogo hapa, nikaota unaniandika. Kila ukimaliza mstari, pumzi inanipungua. Nakuomba uache, unaniambia ninyamaze, kazi inakwenda vizuri." Akacheka. "Hata ndotoni huna adabu."

Sikucheka. Nilimfunika miguu, nikarudi mezani mbio, nimeshaamua. Kitufe cha kufuta kilikuwa pale pale, kubonyeza mara moja tu yaishe. Nikasema niisome kwa mara ya mwisho, maana hakuna nakala nyingine, na mwandishi naye ana moyo.

Aya ya tatu ilikuwa na neno legelege. Nikalibadilisha. Sentensi iliyofuata ikaomba ifupishwe, nikaifupisha, na ghafla ukurasa mzima ukasimama sawasawa, kitu nilichokuwa nakiomba kwa Mungu tangu nianze kuandika. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa na furaha, na ni kwa ajili ya hiyo furaha sitajisamehe.

Mama akaniita, kwa sauti ndogo kuliko ya kawaida yake.

"Nakuja, mama," nikasema, nikaanza aya ya nne.