Ndoa za Panya wa Daktari Anatole

Daktari Anatole alirejea mjini Baraka na shahada mbili, miwani ya dhahabu, na panya weupe waliosafiri kwa heshima kubwa kuliko abiria yeyote wa boti la Kazimia. Nusu yao walizaliwa na upungufu wa urithi uliouzuia uboho wao kulea seli ziuazo kwa asili, wale askari wa damu wanaoua saratani pasipo kufundishwa. Kwa panya hao angeonyesha jinsi askari hao wanavyokua, kisha apewe uprofesa. Matokeo alikwisha kuyaandika; ilibaki kupima damu tu.

Vyumba vya panya, cha wapungufu na cha wazima, hakuviingia, kwa kuwa vilinuka. Alimwachia Saleh, mzee wa ufukweni aliyewalisha kwa bismillahi, pamoja na amri moja: ndugu aozwe nduguye, upungufu usipotee. Kila Ijumaa alilitia sahihi daftari la Saleh huku akitazama saa.

Akaja mama mmoja, Profesa Adolphine, kutoka Bukavu na barua ya uprofesa mkobani. Ikapimwa damu ya vitukuu vya wale wapungufu. Askari walijaa kama dagaa wavuni.

Anatole akamgeukia mzee. "Saleh, panya hawa umewafanyia nini?"

"Nilibaoza, Docteur."

"Kaka kwa dada?"

"Batoto ba tumbo moja, ba ziwa moja? Hapana, Docteur. Mi ni muntu wa musikiti. Nilibatafutia bachumba mu chumba ya pili. Bazuri, ba famille ingine kabisa."

Sheria haikuteremshwa kwa panya, na Saleh alilijua hilo. Mkono ndio uliokataa.

"Ukanificha?"

"Kuficha wapi? Yote iko mu kaye." Saleh akalinyoosha daftari. "Na sahihi yako iko chini."

Profesa Adolphine alilisoma daftari: bwana, bibi, kizimba, tarehe, watoto, hapana mstari uliodanganya. Kisha akaifungua makala ya Anatole.

"Docteur, hapa unasema uliipima damu hii, ukaikuta haina askari. Uliipima lini?"

Anatole akaipangusa miwani, nayo ilikuwa safi.

Mama yule akafunga mkoba, barua ikiwa ndani, akaondoka na daftari la Saleh kwapani. Makala aliiacha juu ya kizimba.

Saleh akasubiri kwa adabu, kisha akauliza, "Docteur, hii karatasi ingali na kazi? Bamama benye mimba babili hapa mu kizimba habana kitu ya kulalia."