Kioo Chepesi

Mzee Wanyera wa Malukhu alikuwa na shahidi mmoja tu, negativi ya picha, kubwa kama kiganja, iliyolala ndani ya mkebe wa majani ya chai tangu mwaka wa sabini na sita. Mwaka huo alitahiriwa pamoja na rika lake. Mpiga picha akawapiga picha mmoja mmoja, kisu kikiwa kazini, na alipohama mji akamgawia kila mtu negativi yake. Picha yenyewe ililiwa na mchwa. Tangu hapo Afande Herbert, mwanarika mwenzake aliyestaafu magereza, hakuchoka kusema kwamba Wanyera alipepesa jicho. Kwa Wamasaba, mwanamume hukikodolea kisu macho. Agosti hii ilikuwa zamu ya Erisa, mjukuu wa Mzee, na Herbert alishatangaza kwamba aliyepepesa hana la kumfundisha kijana.

Nandutu, binti wa Mzee na mama yake Erisa, alikuwa na diploma ya maabara na hakupenda maneno marefu. Alisema kelele hizo zitamalizwa na karatasi. Akaenda Jinja kwa Siraj, aliyekuwa na studio enzi za filamu na sasa akiuza mabaki yake.

Siraj alianza na mashine ya kukuzia picha. Nandutu akaikataa: negativi ni kubwa, atailaza juu ya karatasi yenyewe, itoke picha ya ukubwa uleule. Akachukua taa nyekundu, karatasi na dawa. Trei akaziacha, nyumbani kuna mabeseni. Fremu ya kubania ilikuwa na kutu. Vikabaki vioo viwili.

"Chukua kizito, mama," Siraj akasema. "Chepesi hakibani. Negativi ikijikunja, sura inakuwa uji."

Akachukua kizito. Chepesi akapewa bure, cha kukingia karatasi njiani.

Saa nane mchana, dirisha la bafu likiwa limezibwa kwa blanketi, alilaza negativi juu ya karatasi, akaibana kwa kioo kizito, akawasha taa nyeupe, akahesabu sita, akazima. Karatasi ikaingia kwenye beseni la dawa. Siraj hakudanganya. Unga aliopakwa ulionekana usoni, fimbo mabegani, hata vifungo vya shati la ngariba. Na Mzee alikuwa amefumba macho kama mtoto anayenyweshwa kwinini.

Akatoka akamwambia.

"Baba, umefumba macho."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Na ulisema hukupepesa."

Mzee akafikiri. "Anayepepesa hufumba akafumbua. Mimi sikufumbua mpaka walipomaliza."

Nandutu hakuwa mtu wa kusema uongo, wala hakuusema. Alirudi bafuni, akaweka kizito kando, akachukua chepesi.

Jumamosi Herbert akaja, akavaa miwani. Pichani alisimama mwanamume wima kama nguzo. Kuanzia shingoni kwenda juu kulikuwa na ukungu. Herbert aliisogeza dirishani, akairudisha. Mzee alitazama ukuta.

"Mwanangu," Herbert akamwuliza Nandutu, "ukungu huu umetoka wapi?"

"Nimebana kwa kioo chepesi."

"Kizito huna?"

"Ninacho."

Herbert akavua miwani. Kisha akatia mkono ndani ya koti, akatoa bahasha ya kaki iliyochakaa, na ndani ya bahasha, negativi.

"Basi nitolee na yangu," akasema. "Kwa kioo hichohicho."