Meza ya Kulalia Mkwe

Mkwe wake alikuwa mtu wa maneno machache, na Bi Mkasi hakuwahi kumwamini mtu wa maneno machache. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo yeye alikuwa akiusubiri tangu siku bintiye alipomleta yule seremala nyumbani. Jina la Bi Mkasi alipewa na wateja wake wa ushonaji, nusu kwa sababu ya kazi, nusu kwa sababu ya ulimi.

Safari hii, hata hivyo, alimhitaji. Dada yake mkubwa aliishi mwendo wa siku mbili kwa barabara, alikuwa hajiwezi kitandani, na kila alipopigiwa simu aliuliza swali lilelile: "Unakuja lini nikushike mkono?" Mabasi Bi Mkasi hakuyaweza tena, mgongo ulishakataa. Ndipo mkwe akanunua gari kuukuu la safari, lile ambalo watu hulala humohumo, lenye jiko dogo, viti viwili virefu vinavyotazamana na meza katikati. Usiku meza hushushwa hadi usawa wa viti, godoro likatandikwa juu, kikawa kitanda. Hapo ndipo wangelala Bi Mkasi na bintiye. Mkwe angejikunja mbele, kwenye kiti cha dereva.

"Kwanza niiimarishe," alisema mkwe. "Hii meza ilitengenezwa kubeba sahani, si watu."

Akaingia garini na drili yake, na tangu hapo hakueleza zaidi.

Shaka ilianzia jikoni. Bi Mkasi alikuwa chumba cha pili akipiga bandi gauni la mteja, akamsikia mkwe akimuuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Mama hulala chali au kiubavu?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Basi tu."

Basi tu ya mwanamume Bi Mkasi aliijua vizuri, maana marehemu mumewe alikuwa nazo nyingi na zote zilikuwa na mkia. Kesho yake akamkuta mkwe kwenye kamba ya nguo, futikamba mkononi, akipima gauni lake kuanzia kola hadi pindo. Alipoona ameonekana, akajitia kuanika soksi ambayo ilikuwa imekauka tangu asubuhi.

Sasa hapa lazima isemwe kwamba seremala huyu alitengeneza milango, vitanda, makabati na, wateja walipomletea msiba, majeneza. Bi Mkasi aliketi na mkasi wake akaviunganisha vipande. Mtu anataka kujua urefu wako na namna utakavyolala, na hakuulizi mwenyewe. Akakumbuka pia kwamba mkwe aliwahi kusimama mlangoni mwa chumba chake cha kushonea, kile kinachotazama barabara, akasema, "Chumba hiki kina mwanga mzuri." Nani husifia mwanga wa chumba cha mwenzake bure?

Alipomnong'oneza bintiye, bintiye alicheka hadi akashika ukuta. "Mama, wewe hata jua likichomoza unauliza nani kalituma."

"Cheka tu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Jioni moja mkwe akamwita uani. Alikuwa amelaza ubao mwembamba juu ya magogo mawili. "Mama, naomba unikalie hapa katikati, niukate usicheze."

Bi Mkasi akakaa. Mkwe akachukua msumeno, akauweka chini, akachuchumaa, akafumba jicho moja na kuutazama ubao unavyopinda. Kisha akachora alama ya penseli kwenye kigingi alichokuwa amekichomeka pembeni. Machale yakamcheza Bi Mkasi. Polepole, bila kumwonyesha mtu, akakaza visigino ardhini na kuubeba mwili wake kwa mapaja. Ubao ukapumua juu kidogo. Mkwe akakunja uso, akafuta alama, akachora nyingine.

"Asante, Mama."

"Mbona hukukata?"

"Nimeghairi."

Baada ya hapo akamletea turubai. Alitaka mifuko minne, mishono maradufu, isiyochanika. Ya nini? Ya mchanga. Mchanga wa nini? Mzigo. Bi Mkasi aliishona. Mtu anayeagiza mchanga baada ya kukupima urefu, unamwelewaje? Alipomaliza mfuko wa mwisho akatangaza kwamba haendi popote. "Mwambieni dada yangu mgongo umekataa," alisema, kisha akaingia chumbani na kulia, kwa sababu aliuona mkono wa dada yake umenyooshwa na hakuna wa kuushika.

Mchana wa siku ya kuondoka alikwenda garini kuchukua mto wake, maana hakutaka usafiri bila yeye. Akafungua mlango.

Juu ya meza, iliyokwisha kushushwa kuwa kitanda, alikuwa amelala mtu. Alikuwa wa turubai. Mfuko mdogo ulikuwa kichwa, mikubwa miwili kiwiliwili, na mmoja mrefu miguu, vyote vimelazwa kiubavu, na juu yake limetandazwa lile gauni lake la kwenye kamba. Chini ya meza ilitokeza miguu ya mkwe.

"Ndiyo haya!" Bi Mkasi akapiga ukelele. "Unanifanyia mazoezi ya kunizika?"

Mkwe akajigonga kichwa, akatambaa nje akiwa amejaa vumbi la mbao. "Mama, usiguse hapo. Bado nasikiliza kama mbao zinalia."

"Zinalia nini?"

Akamwonyesha. Mguu wa zamani wa meza, bomba moja jembamba, ulikuwa pembeni umepinda. Ulikunjika siku ya kwanza alipoweka mchanga, meza ikaanguka yote. Sasa alikuwa ametia miguu miwili ya mbao ngumu na mihimili iliyofungwa kwa bolti hadi kwenye fremu za viti. Katikati ya viti, hapo ambapo nyonga ya mtu anayelala kiubavu hukandamiza zaidi, ameongeza ubao.

"Na uzito wa huu mchanga umeupataje?"

Mkwe akatazama viatu vyake. "Kwa ule ubao, Mama. Ulivyopinda ulipokaa, nikaongeza mchanga hadi ukapinda hivyohivyo. Ningekuulizaje kilo zako? Mkwe huulizwa?"

Bi Mkasi akakumbuka visigino vyake ardhini. Alimtazama yule Bi Mkasi wa turubai, mwembamba kuliko yeye, amelala salama. Aibu ikampanda hadi masikioni. Angeweza kunyamaza, lakini bintiye ndiye angelala ubavuni pake.

"Mwanangu," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo. "Siku ile sikukaa. Nilijibeba kwa miguu."

"Kwa nini?"

"Nilidhani unanipimia jeneza."

Sauti ya mkwe ilikuwa imeumia, na alisema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia. "Mama, maiti hageuki usingizini. Hizi bolti zote ni za mtu anayegeuka, na anayeamka asubuhi akataka chai. Kama ningekuwa nakungojea ufe, ningeiacha meza ilivyokuwa."

Bi Mkasi akatoka mlangoni mwa gari. Ule ubao ulikuwa bado uani, juu ya magogo yake, kigingi kimesimama pembeni. Akakaa katikati.

"Njoo na penseli," alisema.

Mkwe akachuchumaa, akafumba jicho moja. Bi Mkasi akavuta pumzi, akainua miguu yote miwili.

Ubao ukashuka vidole viwili chini ya alama. Mkwe akachora mstari mpya, akautazama, akasimama na kwenda kutafuta mbao za mguu wa tatu.