Sahihi Kumi na Mbili Mlangoni

Nguruwe mwenye mimba haingii chumba cha kuzalia na uchafu wake. Wiki moja kabla anapewa dawa ya minyoo, na siku ya kuhamishwa anasuguliwa kwa brashi, sabuni na maji ya moto, tumbo na chuchu zote. Mayai ya minyoo hunata kwenye ngozi, na watoto huyameza wakinyonya. Ukimaliza, unatia sahihi kadi iliyoning'inia mlangoni. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na mmoja, majike mia nne banda moja, na mgongo wangu ndio shahidi.

Mdogo wangu, aliyemwingiza hapo ni mimi. Nilimfundisha hata kushika brashi, maana aliwasugua nguruwe kama anayewaomba radhi.

Mama yetu alipolazwa, majike kumi na wawili walikuwa wanakaribia kuzaa, na msimamizi asingenipa ruhusa. Mdogo wangu akaniambia niende tu, atawashughulikia yeye, kwani sisi si tumenyonya ziwa moja? Ndipo nikafanya ujinga wangu. Nikatia sahihi kadi zote kumi na mbili kabla sijaondoka, ili msimamizi akipita asijue kuwa sipo. Kwa siku nane nikamlisha mama uji kwa kijiko, roho imetulia.

Miezi sita baadaye, watoto wa majike wale walipochinjwa, maini yao yalitupwa kwa madoa meupe ya minyoo. Daktari wa mifugo alipopima kinyesi cha mama zao, alikuta mayai tele. Msimamizi akatuita ofisini, akazipanga kadi mezani, akauliza sahihi ni za nani. Nikasema ni zangu, lakini nilikuwa hospitali na kazi nilimwachia mdogo wangu. Nikamgeukia. Neno lake moja lingeniokoa na kufukuzwa.

"Mimi napeleka chakula tu," akasema. "Dada alikuwepo wiki nzima. Kuosha ni kazi yake."

Akaniruka kimanga hivyo, macho kwenye viatu vyangu. Ningeleta karatasi ya hospitali, ningethibitisha tu kwamba nilisaini kazi nisiyoifanya. Kamba nilijifunga mwenyewe, yeye alivuta. Angekuwa mtu baki ningemtukana nikamaliza, ila huyu nilimbeba mgongoni. Iliniuma mpaka nikashindwa kulia.

Nilifukuzwa siku hiyohiyo. Nilipomweleza mama, akasema heri mmoja wenu amebaki kazini.

Siku ya tatu mdogo wangu akapiga simu. Nafasi yangu alikuwa amepewa yeye.

"Dada, jike wa kilo mia mbili, dawa ni kiasi gani?"

Nyuma yake nilisikia vitoto vikipiga kelele. Nikamtajia kipimo, nikarudia mara ya pili akiandika, kwa sababu vitoto vile havijanikosea. Halafu nikamwambia kuanzia leo asiniite dada.