Siku ya Kusafisha Majina

Kwa miaka tisa Hurley Trammell hakukanyaga Pinder, makao makuu ya kaunti yao, ingawa ni mwendo wa dakika kumi na tano tu kutoka nyumbani kwake. Alikuwa ameitwa mahakamani kwa ajili ya taa ya nyuma ya gari iliyovunjika, na siku hiyo ilimkuta juu ya nguzo za umeme upande wa pili wa Alabama, akisaidia kurudisha umeme baada ya kimbunga. Aliporudi, tarehe ilikuwa imeshapita. Kila mtu alijua kwamba usipofika, hakimu hutoa hati ya kukamatwa papo hapo, akiwa bado amekaa kitini. Hurley akaogopa kwenda kuuliza. Kadiri alivyochelewa ndivyo woga ulivyozidi, hata akaacha kabisa kushika usukani.

Mkewe Ozella akawa dereva wake. Alimpeleka kanisani, kwa daktari, kwa kinyozi, na njiani hakukosa neno.

"Inama kidogo, jambazi, kuna askari mbele."

"Ozella, tafadhali."

"Mimi nimesema nini? Mwenye jina safi anatazama dirishani. Asiye nalo ainame."

Bi Ozella aliongoza kwaya ya kina mama mwaka wa ishirini na mbili sasa. Hakuwahi kukawiza hata kitabu cha maktaba, na watu walilijua hilo kwa kuwa alilitangaza mwenyewe.

Mwaka huo shule ya kaunti ilipungukiwa na madereva wa basi. Mwalimu mkuu akampigia Hurley simu, maana alikuwa amestaafu, ana leseni, na watoto wanampenda. Hurley alifurahi hadi akaimba bafuni. Kisha fomu ikaja. Swali la sita liliuliza: je, una hati yoyote ya kukamatwa? Kwa siku mbili kalamu ilining'inia juu ya swali hilo. Kusema uongo hakuweza, na kusema kweli kulimtia aibu.

Jumapili, mchungaji akatangaza kwamba Alhamisi mahakama itapokea watu wenye hati za makosa madogo. Mtu aje kwa hiari, asikilizwe, arudi kwake. Hakuna pingu.

"Tunakwenda," Ozella alisema wakila viazi vitamu. "Nimechoka kuishi na mtoro."

Alhamisi alivaa kofia yake ya Pasaka, akampigia mumewe shati pasi, wakaenda. Kwenye ukumbi wa mahakama watu walipanga foleni kimya kama wagonjwa, na askari mmoja mnene aliwagawia kahawa. Zamu yao ilipofika, walisimama mbele ya dirisha la karani, mama mmoja aitwaye Jeanine Postlewait, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo.

"Haya, baba, jina na tarehe ya kuzaliwa."

Hurley akataja. Karani akabonyeza kompyuta, akakunja uso, akabonyeza tena.

"Mzee Hurley, wewe huna kitu hapa."

"Tazama vizuri, mama. Taa ya nyuma. Mwaka wa kimbunga."

"Nimeiona. Hati ilitolewa Jumatatu, ikafutwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Msimamizi wako kazini aliandika barua kwamba ulikuwa kwenye nguzo. Na kesi yenyewe ikatupwa."

Hurley alitafuta kiti. Hakucheka wala hakulia. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, akiihesabu kimoyomoyo miaka yote aliyoizunguka Pinder kwa njia za vumbi.

"Miaka tisa!" Ozella aliguta. "Nimekuendesha miaka tisa bure, Hurley Trammell! Kuuliza tu kulikushinda?"

Karani alikuwa bado anatazama kioo cha kompyuta. "Samahani, mama. Jina linalofuata hapa, Ozella Faye Trammell, ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi wewe unayo hati. Na iko hai."

Ukumbi mzima ulisikia. Ozella alimtazama yule askari wa kahawa mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani sare ile ilimtisha.

"Mimi? Mimi naongoza kwaya!"

"Kuchoma majani wakati moto umepigwa marufuku," karani alisoma kwa sauti ya chini, akimwonea huruma. "Miaka saba iliyopita, msimu wa ukame. Ulitakiwa kufika, hukufika. Barua ilirudi, anwani haikupatikana."

Ozella akakumbuka. Pipa la nyuma ya nyumba, majani makavu ya miti ya pekani, askari kijana mpole aliyekunywa chai yake ya barafu, akasifu maua, akamwachia karatasi. Yeye alidhani ni onyo. Hata hakuisoma. Aliifungia mbegu za bamia. Na mwaka uleule kaunti ilibadilisha namba za nyumba zote barabarani kwao.

Alisubiri mumewe acheke. Alistahili kuchekwa, alijua hivyo. Lakini Hurley aliinuka, akamshika mkono, akamnong'oneza sikioni, "Inama kidogo, jambazi. Nipo nawe."

Hapo machozi na kicheko vikamtoka pamoja.

Karani aliwapeleka mwenyewe chumba cha juu. Hakimu Crutchfield alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, leso mkononi. Alisoma faili, akamtazama Ozella kuanzia kofia hadi viatu.

"Bi Trammell, ulichoma majani?"

Ozella angeweza kutaja anwani, au yule kijana na chai yake. Hurley alidhani atavitaja. "Nilichoma, Mheshimiwa," alisema. "Na karatasi nilipewa, sikuisoma. Nilijiona mimi si mtu wa kupewa karatasi."

Hakimu alipangusa pua, akatabasamu nyuma ya leso. Akaifuta hati palepale, akampa saa sita za kujitolea katika kituo cha zimamoto cha Pinder. "Watakueleza habari za majani makavu," alisema. "Anayefuata."

Walipotoka nje, jua lilikuwa limejaa uwanja wa mahakama. Ozella alimpa mumewe funguo. Hurley alizunguka uwanja ule mara tatu kwa gari, taratibu, dirisha wazi, akiwapungia mkono watu asiowajua, na Ozella hakumwambia aharakishe. Jumatatu iliyofuata Hurley alijaza swali la sita kwa herufi kubwa: HAPANA.

Saa zake sita zote Ozella alizitumia kuosha mipira ya maji na sufuria za wazima moto, vijana sita waliokuwa wakila maharage ya kopo kila siku. Hali ile ilimkera. Jumamosi ya pili, adhabu ikiwa imekwisha, alirudi na kuku wa kukaanga na sufuria ya kolardi, mboga ya majani kama sukuma wiki. Walimpa koti lao la kuazima, likamfika magotini, akakaa nao mezani akiwafundisha sauti ya pili ya wimbo wa kanisani. Mmoja wao, jitu la futi sita, alikuwa na sauti nzuri ajabu ya besi, na Ozella alijiuliza kijana huyo alikuwa wapi miaka yote ile.