Kuonja Kabla ya Mgeni

Kaka yangu Mutai ana mkono mzuri wa kumimina bia, na ana woga mbaya wa maneno ya watu. Huo mkono aliurithi kwa mama yetu. Huo woga sijui aliuokota wapi, labda huku huku Doha.

Sote wawili tunafanya kazi kwenye baa ya hoteli moja pale Al Sadd, yeye kaunta, mimi mezani. Nafasi ya msimamizi wa baa ilikuwa wazi, na waliobaki kuigombea walikuwa yeye na Kioko. Meneja wetu, Bradley, ni mtu wa mvinyo. Bia za ajabu ajabu hazijui. Akasema atawapima kwa bia mpya aliyoletewa ajaribu: bia ya mashambani ya Kibelgiji, iliyotiwa mbegu za dania na maganda ya machungwa. Kila mmoja aimimine, aionje, aseme kama inafaa kuuzwa. Mama alikuwa ameshapigiwa simu huko kwetu Kapsabet, atuombee.

Walifanya mchana, baa bado imefungwa. Kioko alianza. Akamimina, akaonja polepole, akasema inanukia chungwa, ina pilipili manga kwa mbali na uchachu kidogo mwishoni, na kwamba bia ya aina hii ndivyo ilivyo. Alikuwa amejisomea, maskini. Siku zote hizo kwenye basi la wafanyakazi kutoka Al Rayyan alikuwa ameinamia simu, sisi tukimcheka.

Bradley hakuonja. Alitaka kuwasikia wote kwanza. Akamgeukia Mutai.

Mutai akamimina. Povu likapanda jeupe, na bia yenyewe ilikuwa na ukungu. Harufu iliponifikia nilishtuka. Ilikuwa chachu ile ile ya asubuhi kwetu, Mama akifunua chungu cha busaa, pombe yake ya mtama. Nilimtazama Mutai nikajua naye imemfika, kwa sababu alifanya jambo ambalo hakulipanga: aliinua glasi aliyommiminia Bradley, akapiga funda moja, ndipo akamsogezea.

Kwetu hiyo ni adabu. Mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone haina sumu wala hila. Mama hakuwahi kumpa mtu mrija wa kunywea kabla ya kuuvuta yeye mwenyewe. Lakini hoteli ya Doha si uani kwa Mama. Mhudumu anywee glasi ya meneja! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Umekunywa kwenye glasi yangu?" Bradley aliuliza.

Jibu lilikuwa rahisi. Ni desturi ya kwetu, bwana, mama yangu alikuwa mpika pombe. Nilimwombea alitamke. Lakini Mutai ndiye kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, ambalo huku husali Ijumaa, na watu wote wa huku, Kioko akiwemo, amewaambia mama yetu ni mwalimu mstaafu. Jasho lilimtoka, na kiyoyozi kinanguruma.

"Samahani, bwana," akasema. "Nilihisi imeharibika. Nilitaka kuhakikisha kabla haijakufikia. Imechacha."

Bradley akaonja, akakunja uso. "Kweli. Ina uchachu."

"Lakini bwana, ndivyo ilivyo," Kioko akasema.

"Wewe ungewapa wageni wangu bia iliyochacha," Bradley akamkatiza. "Mwenzako amejihatarisha yeye kwanza." Akampa Mutai mkono. "Nafasi ni yako. Na hizi zilizobaki, zimwage."

Kioko alinitazama mimi, si Mutai. Alijua tumetoka tumbo moja, na alijua kwamba najua bia ile haijaharibika. Niliinamia trei yangu nikaifuta, ingawa ilikuwa safi. Aibu ya ndugu yako haikuachi kando.

Tulibaki wawili kwenye sinki. Mutai alifungua chupa moja moja akizimwaga, na ile harufu ikajaa chumba.

"Unamwaga kama askari wa chifu," nikamwambia.

Akafungua nyingine. Sote tuliwahi kusimama mlangoni tukiwaona askari wakipindua mitungi, Mama amekaa chini, kitambaa kimemtoka kichwani. Kesho yake alisaga mtama upya, kwa sababu shule ilikuwa inafunguliwa na karo yetu ilitoka humo.

"Jeptoo, wachana na mimi," akasema. "Hiyo job niliihitaji."

"Na Kioko hakuihitaji? Wewe unajua hiyo bia ni poa. Nilikuona ukiionja."

Simu yake ikalia juu ya kaunta. Alikuwa Mama. Mutai akanisukumia kwa kiwiko. Nikaipokea na kuweka sauti kubwa, makusudi, asikie.

"Amepata?" Mama akauliza.

"Amepata, Mama."

Akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. "Nipe yeye niongee naye."

Mutai akatikisa kichwa, macho kwenye sinki.

"Ana maji mikononi, Mama."

"Basi mwambie. Hata akiwa mkubwa namna gani, asimpe mgeni kinywaji kabla yeye hajaonja. Nilimfundisha hivyo."

Mutai aliiweka chupa chini. Akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, amenipa mgongo.

"Alionja, Mama," nikasema. "Alionja kwanza, mbele ya watu wote."

"Eeh," Mama akasema, na nikasikia anavyotabasamu. "Basi walijua ni mtoto wangu."