Kidole Kimoja cha Profesa

Dukani walimwita Profesa, na jina lilikuwa limemzidi kimo. Kazi yake ilikuwa kuuza vinanda vya umeme, na kile cha bei mbaya kuliko vyote kilikaa karibu na mlango. Kinanda hicho kilikuwa na huruma na wasiojua. Taa ndogo ziliwaka kwenye vitufe kukuonyesha pa kubonyeza, wimbo ulisimama kukusubiri ukibabaika, na kidole kimoja tu cha kushoto kilitosha kuamsha ngoma, besi na gitaa, vyote vikubebe. Profesa alibonyeza, akatikisa kichwa, akafumba jicho moja huku la pili likizifuata taa, na wapita njia wakabaki midomo wazi.

Sifa zikamlevya. Akamwambia mchumba wake kwamba kinanda yeye anakipiga hata usingizini. Binti naye hakulaza damu, akazifikisha habari kwa baba yake, aliyefundisha kwaya kwa miaka arobaini, na ambaye tayari alishamkataa mposaji mmoja kwa kosa la kuimba nje ya sauti.

Jumatano asubuhi mzee akaingia dukani, karatasi ya nota mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kukusikia kwanza. Habari za binti yangu tutazungumza baadaye." Akaiweka karatasi juu ya kinanda. "Haya, mwanangu. Wimbo huu utaupiga kwa ufunguo upi?"

Profesa akapapasa mfukoni. Akatoa ufunguo.

"Wa mlango ninao mimi, baba. Wa stoo anao bosi."

Mzee, aliyeuliza ufunguo wa muziki, yaani sauti ya kuanzia wimbo, akamtazama, kisha akautazama ule wa chuma uliokuwa ukining'inia mkononi mwa kijana. Hapo Profesa akajua kuwa ameumbuka. Akaona heri amwage yote: taa, kusubiriwa, kidole, kila kitu.

"Kidole kimoja?" mzee akauliza. "Kimoja tu?"

"Kimoja tu, baba. Nisamehe."

Mzee hakugomba. Alinyoosha mikono yake, na Profesa akaona vidole vilivyovimba viungo na kukakamaa. Katika kila mkono, kilichonyooka sawasawa kilikuwa kimoja.

"Mwaka wa tatu huu sijagusa kinanda," mzee akasema. "Vilipogoma hivi niliumia sana, sikumwambia mtu. Hebu nipishe hapo."

Akakaa, akabonyeza. Bendi nzima ikaamka. Mzee akashtuka, akasita, na wimbo nao ukasita kumsubiri. Akaangua kicheko.

"Zizime hizi taa zako! Njia naijua mwenyewe."

Profesa akazizima. Kidole cha kushoto kikaita bendi, cha kulia kikaimba, na wimbo wa kwenye karatasi ukajaa duka zima hadi barabarani. Mzee alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, mabega yakicheza. Profesa alifurahi mpaka akajisahau, akapiga makofi peke yake. Kisha akakumbuka kilichomkosesha usingizi wiki nzima.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo, "na ile habari yangu na binti yako?"

"Muoe," mzee akajibu bila kugeuka. "Sasa nyamaza, kiitikio kinaingia."